Ini la Muuza Maini

Mjaka alianza kuumwa na bega la kulia, na kwa kuwa bega hilo ndilo lililobeba kapu la maini kila asubuhi kutoka machinjioni hadi Mlandege, hakuna aliyetafuta sababu nyengine. Mama yake, Bi Mwatum, alichemsha mafuta ya nazi na karafuu, akamkalisha mwanawe juu ya mkeka, akamkanda mpaka ngozi ikang'aa.

"Limeteguka?" Mjaka aliuliza.

"Halikuteguka. Limekasirika."

Siku ya pili lilikuwa limekasirika zaidi, na homa ikaja juu yake. Mjaka alitetemeka mchana kutwa akijifunika blanketi, kisha akatoka jasho likarowesha godoro, kisha akaanza tena kutetemeka. Mkewe, Mwanapili, alimletea uji. Aliunusa akaurudisha.

Wakati huo walikuwa wakikaa vyumba viwili nyuma ya duka la makufuli la Bwana Taherali. Mjaka aliuza maini, figo na mioyo katika soko la Darajani. Alfajiri hupokea maini machinjioni, akayaleta nyumbani, Mwanapili akayaosha na kuyavua ngozi yake nyembamba, naye akayakata vipande vya kupendeza kabla ya kwenda nayo sokoni. Watu wa Mlandege walisema maini ya Mjaka ni laini. Hata waliokuwa hawampendi Mjaka walisema hivyo.

Ulikuwa mwaka wa sabini na moja. Mchele ulipatikana kwa foleni, na watu waligaiwa unga wa mahindi wa njano ambao wengi hawakuutaka. Machano wa Mangapwani aliutaka. Aliukusanya kwa wote walioukataa, akawalisha madume yake ya ng'ombe asubuhi na jioni, na kwa muda mfupi madume yale yakaja mjini yakiwa na migongo mipana kama vitanda. Kila mtu aliyasifu. Yalipopasuliwa, maini yao yalikuwa na majipu.

Amri ilikuwa moja tu. Bwana afya alisimama machinjioni na kisu chake, na ini lenye jipu lilitupwa zima, shimoni, likamwagiwa mafuta ya taa. Hata kipande hakikubakishwa. Lakini majipu mengine hukaa ndani kabisa, na nje ini linameta kama kawaida. Jipu lisipokuwa kwenye njia ya kisu cha bwana afya, lilipita. Lilifika Mlandege kapuni, na Mjaka akaligundua nyumbani wakati wa kukata.

Mara ya kwanza alitaka kulirejesha ini lile. Akafikiri njia ni ndefu na jua limeshatoka. Akachonga pale pabaya, akakiosha kisu kwa ndimu, akalikata lililobaki vipande vile vile vya siku zote. Mwanapili alishika beseni. Baada ya hapo hawakulizungumza tena jambo hilo, wakawa wanalifanya.

Sasa Mjaka alikuwa amelala kwa ubavu wa kushoto, mkono ameuweka chini ya mbavu za kulia kama mtu anayelinda kitu mfukoni. Mwanapili alimtazama muda mrefu.

"Mume wangu," akasema, "huenda si bega. Huenda ni ini."

Mjaka alicheka, na kicheko kikamuumiza, akaacha.

"Mwanapili, mie nauza maini tokea sijakuoa. Ng'ombe mwenye jipu la ini ushapata kumwona analalamika? Anakula, anatembea, ananenepa. Wale wa Machano ndio walionona kuliko wote. Mie hapa hata uji haunishuki. Mwenye ini bovu hajijui kama anaumwa. Mie najijua. Basi si ini."

Hakukuwa na mtu Mlandege aliyeona maini mengi kuliko yeye, kwa hiyo hakukuwa na wa kubishana naye.

"Msikilize mumeo," Bi Mwatum akasema kutoka mlangoni. "Ini ndiyo kazi yake."


Mwanapili alikwenda sokoni badala ya mumewe. Hakuwa amewahi kuuza kitu. Sauti yake ilikuwa ndogo, na alipoinadi biashara alionekana kama anayemwomba mtu samahani. Wateja walikuja hivyo hivyo, kwa kuwa meza waliijua.

Wa mwanzo kusimama alikuwa Bi Sichana, mjane wa Vikokotoni ambaye hakupitwa na habari.

"Shikamoo, Bi Sichana."

"Marahaba. Mjaka yuko wapi?"

"Anaumwa bega."

"Bega lina nini?"

"La kulia."

"Sikuuliza upande, mwanangu. Nnauliza lina nini."

"Limekasirika."

Bi Sichana alichukua kipande cha ini, akakigeuza, akakinusa, akakirudisha polepole ndani ya beseni.

"Jana nlipita kwenu nikamwona dirishani. Macho yake yamekuwa kama ule unga wa njano. Bega gani linalomtia mtu macho rangi?"

"Nipe figo," Bi Sichana akasema. Kisha akafikiri. "Au basi. Leo ntakula dengu."

Kabla ya adhuhuri soko zima lilikuwa linajua kuwa Mjaka amekula maini yaliyotupwa shimoni. Wengine waliongeza kuwa aliyaosha mafuta ya taa kwa sabuni ya mchi. Habari hiyo haikuwa na ukweli. Mjaka hakuwa akila maini kabisa; alikuwa akila samaki. Mwanapili alitaka kusema hivyo amtetee mumewe, na alikwisha kufungua kinywa, ndipo akatambua kuwa muuza maini asiyekula maini si utetezi mzuri. Akafunga kinywa.

Alirudi na beseni lililojaa. Kesho yake alirudi nalo hivyo hivyo. Paka wa Mlandege walikula vizuri wiki ile.

"Wanasemaje?" Mjaka aliuliza.

"Wanasema upone haraka."

"Mwanapili."

"Wanasema umekula ya shimoni."

Mjaka alifumba macho. Midomo yake ilikuwa imekauka, na mashavu yameingia ndani.

"Funga dirisha," akasema. "Na hospitali nisiisikie. Nikenda hospitali, wakaandika neno ini, mie si muuza maini tena. Mie mtu wa bega."

Mwanapili alifunga dirisha. Chumba kikawa cha moto, na harufu ya jasho na karafuu ikabaki ndani pamoja nao. Usiku huo Mjaka aliongea peke yake, akawapigia hesabu wateja ambao hawakuwapo.


Bi Mwatum alikuwa na jina katika mtaa ule. Aliwahi kugeuza watoto matumboni, na waliokuwa na tumbo lililopanda walimwita alishushe. Bega lilipokataa kusikia, alisema sasa ameelewa: ni tumbo ndilo lililopanda, likasukuma mbavu, mbavu zikasukuma bega. Alikuja na chupa mpya ya mafuta, akakunja mikono ya kanzu yake, akamwambia Mwanapili amlaze mgonjwa chali.

Mjaka hakuweza kulala chali. Alilala nusu. Bi Mwatum alitia mafuta viganjani, akaweka vidole vyake chini ya mbavu za kulia, akabonyeza.

Sauti iliyotoka ilimfanya Bwana Taherali asimame kwenye ngazi aliyokuwa akiipanda dukani, akasikiliza, akashuka. Alishuka vibaya. Lakini hilo lilijulikana baadaye.

"Linatii," Bi Mwatum akasema, akaweka vidole tena.

Mwanapili alimshika mkono.

Katika miaka yote aliyokaa na mama mkwe, hakuwahi kumtazama usoni alipokuwa akisemeshwa. Sasa alikuwa amemshika kifundo cha mkono, mkono wenyewe unateleza kwa mafuta, na hakujua amshike vipi kwa heshima.

"Weye unanishika?"

"Mama, mwache."

"Huyu nimemzaa mie."

"Ndiyo, mama. Lakini usimbonyeze tena. Mwili wake umekuwa wa moto pale. Gusa. Pamevimba."

"Ndipo panapotakiwa kukandwa!"

"Pakipasuka je?"

Bi Mwatum aliutoa mkono wake. Aliziba chupa, akaifunga ndani ya kitambaa, akajifutia viganja kwa ncha ya kanga.

"Haya. Mkande wewe," akasema. Akatoka akakaa barazani na uso wake kuelekea njia, ili kila mpita njia aone kuwa Bi Mwatum ametolewa ndani na mke wa mwanawe. Wapita njia waliona. Wengine walirudi nyuma waone vizuri.

Mwanapili alipita mbele yake na kwenda kutafuta cha kumbebea mgonjwa. Teksi moja ilikataa iliposikia ni mtu anayetapika. Rikwama lililopatikana lilikuwa la Mmanga, hamali aliyekuwa akichukua ngozi na vichwa vya ng'ombe kutoka machinjioni. Mmanga alisema ameliosha. Alitandika magunia mawili juu ya mbao, wakamlaza Mjaka kwa ubavu, na Mwanapili akamfunika kanga mwili mzima kwa sababu ya jua na kwa sababu ya watu.

Pale Darajani mtu mmoja akaita, "Mmanga! Leo umepata nini?"

"Mjaka," Mmanga akajibu bila ya kusimama.

"Innalillahi," yule mtu akasema.

"Bado," Mjaka akasema chini ya kanga.


Daktari alikuwa Mchina mfupi mwenye mikono mikavu, na maneno yake yalipitia kwa mkalimani aliyeitwa Usi, kijana wa mjini aliyesoma Kichina huko huko kwa Wachina. Usi alipomwona mgonjwa alifurahi kwanza, kama mtu anavyofurahi kumwona muuza maini wake mahali asipomtarajia. Kisha akaona macho yake.

Kwenye kitanda cha pili alikuwa amelazwa Bwana Taherali, mguu umefungwa plasta mpaka gotini.

"Ulipiga kelele, Mjaka," akasema bila ya kinyongo. "Nkaanguka."

"Samahani, Bwana Taherali."

"Yamekwisha."

Daktari alimgonga Mjaka mbavuni kwa kidole, taratibu, kama anayegonga mlango wa mtu aliyelala. Aliagiza picha ipigwe, akaitazama kwenye mwanga. Kisha akauliza maswali, na Usi akayapokea.

"Daktari anauliza, kabla ya bega, uliumwa tumbo?"

"Tumbo ni jambo la zamani. Baada ya Idi lilinikata huku chini, kulia. Nkanywa haluli ya kuharisha. Likaondoka."

Usi alitafsiri. Daktari alisema maneno machache.

"Anasema halikuondoka. Lilihama."

Kisha maelezo yakaja, na Usi aliyatoa vipande vipande, akirudi kwa daktari kila alipokwama. Kuna vijidudu vinavyokaa tumboni siku zote, kwa watu na kwa ng'ombe pia. Ni vidogo havionekani, na havipendi hewa. Vikipigwa na hewa hufa. Vikikaa mahali pake havina neno. Lakini tumbo likipata kidonda, huingia katika damu, damu ikavipandisha mpaka kwenye ini, na huko vikipata pahala palipozibwa vizuri hukaa vikazaana. Ng'ombe akipewa unga mwingi kwa mara moja tumbo lake hufanya vidonda, na mambo huwa yale yale. Mjaka ana jipu ndani ya ini, kubwa kama ngumi. Bega linauma kwa sababu jipu linagusa kule juu, na maumivu hutembea.

Mjaka alitazama dari.

"Mwambie daktari, ng'ombe mwenye jipu la ini haumwi. Anakula, ananenepa. Mie nawajua."

Usi alitafsiri. Daktari alifikiri kwa makini, akajibu.

"Daktari anauliza, uliwauliza?"

Hakuna aliyecheka. Daktari mwenyewe hakuwa anafanya mzaha. Alieleza kwamba atapitisha sindano ndefu baina ya mbavu, auvute usaha, leo hii. Jipu likipasukia ndani, basi yeye hatakuwa na kazi tena ya kufanya, na wao watakuwa nayo, ya kuzika. Lakini hatamtia mtu sindano kwa nguvu. Lazima mgonjwa akubali.

"Sikubali," Mjaka akasema.

"Kwa nini?"

"Usi, weye ni mteja wangu. Ushapata kuona nakuuzia ini lenye jipu?"

"Sijaona."

"Hujaona. Kwa nini hujaona? Kwa sababu ini likishaingia jipu halifai. Hutupwa zima. Hakuna cha kuvuta wala cha kusaza. Mtanitoboa bure nife hapa, nirudishwe kwa rikwama lile lile la vichwa. Mwambie hivyo. Mwambie anayesema ni mtu wa maini."

Alisema kwa nguvu zilizombakia, na wagonjwa wote wa wadi walisikia. Yalikuwa maneno ya mfanyabiashara mwaminifu. Kwenye kitanda cha tatu mzee mmoja alitikisa kichwa kumuunga mkono. Usi alitafsiri. Daktari alikuwa amejitayarisha kujibu watu wanaoogopa sindano na watu wanaoogopa Wachina. Mtu wa maini hakumtarajia.

Mwanapili alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda. Alizunguka akainama karibu na sikio la mumewe.

"Mjaka," akanong'ona, "mbona sisi hukata pale pabaya?"

Mjaka alifumba macho.

"Mjaka. Lile linalobaki si huwa zima?"

"Funika miguu yangu," Mjaka akasema kwa sauti ya kusikika. "Twende nyumbani."

Mwanapili aliinuka. Aliitazama shingo ya mumewe, mshipa ukipiga mbio mbio, na ngozi imegeuka manjano mpaka nyuma ya masikio. Akamtazama Usi, ambaye alikwisha kuanza kukunja karatasi zake. Kisha akasema, na sauti yake ilipotoka ilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia.

"Halitupwi zima."

Usi akageuka.

"Ini lenye jipu. Sisi hatulitupi. Hukata pale pabaya, tukaosha, lililobaki tunaliuza. Tokea Idi. Yeye anashika kisu na mie nashika beseni. Lililobaki huwa ini zuri, na hakuna mtu aliyekufa. Mwambie daktari."

Mzee wa kitanda cha tatu aliacha kutikisa kichwa. Usi alipitisha mkono juu ya midomo yake, akautazama mkono.

Bwana Taherali ndiye aliyesema kwanza.

"Bi Mwanapili. Lile mliloniuzia Alkhamisi?"

"Lilikuwa nalo, Bwana Taherali."

"Na la Alkhamisi ya nyuma?"

"Lile halikuwa nalo. Lile lilikuwa zima."

Bwana Taherali alilipokea jibu hilo.

"Na bei mlipunguza?"

"Hatukupunguza."

Bwana Taherali aligeukia ukutani, kwa kadiri mguu wake ulivyomruhusu.

Daktari alikuwa akimtazama huyu na yule, akauliza kuna nini. Usi alieleza, akakwama mara mbili. Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Hakushangaa. Alimgeukia Mwanapili akasema naye moja kwa moja, kama kwamba anafahamu.

"Anasema," Usi akasema, hamtazami Mwanapili, "umesema kweli. Ini linalobaki ni zima, na la mtu hukua tena. Tofauti ni kwamba yeye hatakata. Atavuta."

Wote walimtazama Mjaka. Mjaka alikuwa anamtazama mkewe, na hakuonekana kuwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyekuwa ameshikilia mlango kwa mgongo wake, na sasa ameambiwa waliokuwa nje wote wameshapita dirishani.

"Basi wavute," akasema. "Mie nalinda nini tena?"


Nesi alihitaji mikono yake yote miwili kumzuia mgonjwa, kwa hiyo bakuli alipewa Mwanapili. Sindano iliingia baina ya mbavu. Kwa kitambo hakikuja kitu. Kisha ukaja usaha wa rangi ya kijivu na kijani, na pamoja nao harufu iliyomtoa Usi mbio hadi uani, ambako hakukuwa na kitu cha kutafsiri. Wagonjwa waliokuwa na miguu walitoka. Bwana Taherali, asiyekuwa nayo kwa wakati ule, alijifunika shuka.

Daktari alivuta pumzi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Usi aliporudi alieleza kwamba harufu ile ndiyo habari yenyewe: majipu mengine ya ini hayanuki, lakini ya vijidudu visivyotaka hewa hunuka hivi.

Aliuvuta tena kesho, na kesho kutwa. Homa ilipungua nusu, ikagoma hapo. Fundi wa maabara alikuwa ameuweka usaha kwenye visahani vyake ili vijidudu viote vitambulikane, na kwenye visahani hakikuota kitu, kwa sababu ya hewa. Ikabidi vipikiwe supu: maini safi ya ng'ombe, yachemshwe ndani ya chupa, juu yake yamiminiwe mafuta ili hewa isipite. Hospitali haikuwa na ini. Usi alitumwa kwa Mwanapili.

"Daktari anataka ini," akasema. "Lisilo na neno."

"Ntalileta."

"Lisilo na neno, Bi Mwanapili."

Alikwenda sokoni kulinunua kwa mtu mwengine. Kwenye meza ya mumewe alikuta mtu anauza ndizi. Muuza maini wa upande wa pili alimpimia bila ya kumsemesha, akamwita mwenzake amtazame, na wanawake waliokuwa kwenye foleni wakamwachia nafasi kubwa kuliko aliyohitaji. Alipolifikisha hospitalini, fundi wa maabara alilipasua mara nyingi, huku na huku, mpaka likawa halina haja ya kukatwa tena. Halikuwa na neno. Ndani ya supu ile vijidudu vya Mjaka viliota vikafurahi, daktari akavitazama, akabadilisha dawa.

Homa ilishuka katika wiki ya pili. Siku ile Mjaka aliomba samaki.


Nyumbani aliwakuta watu wamepungua. Waliokuwa wakipita barazani kusalimia sasa walipita upande wa pili wa njia, wakisalimia kutoka huko. Bwana afya alituma neno kwamba Mjaka asionekane machinjioni, na Mjaka hakuonekana. Bi Sichana aliwaambia watu kwamba yeye alijua tokea mwanzo, kwa macho. Mteja mmoja tu alisimama mlangoni akasema, kwa shingo upande, kuwa laini, maini yalikuwa laini.

Bi Mwatum alirudi kukaa ndani siku mwanawe alipoweza kutembea hadi msalani peke yake. Hakumsemesha Mwanapili juu ya mkono. Alisema tu, mara kwa mara, akizungumza na chupa yake ya mafuta, kwamba tumbo lile lingeshushwa mapema yasingefika haya.

Mwanapili alianza kukaanga muhogo pale mlangoni, kwa chumvi na pilipili. Muhogo ulikuwa mzuri na watu wa Mlandege walikuwa na njaa, kwa hiyo walinunua. Kila mmoja aliuvunja kipande kwanza, akakitazama ndani, ndipo akala. Mwanapili alingoja wamalize kutazama. Alisema "Ahsante" kwa wote.

Mjaka alikuwa anamenya. Mwili ulimpungua na shati lake lilimpwaya, lakini mkono wake na kisu vilikuwa vile vile. Maganda yalitoka marefu, bila ya kukatika. Tokea hospitali walizungumza mambo mengi, mkaa, mafuta, kodi, habari ya mguu wa Bwana Taherali. Lile hawakuligusa.

Mchana mmoja mteja mmoja, aliyekuwa mtu mzima na mwenye ndevu, alivunja kipande, akakitazama, akavunja cha pili, akakitazama, akavunja na cha tatu, kisha akanunua kimoja. Mwanapili alivikusanya vile vilivyovunjika akaviweka pembeni kwa ajili yao wenyewe.

Mjaka alimsubiri yule mtu afike kwenye kona.

"Ungeweza kuninong'oneza," akasema.

Mwanapili alikuwa ameinamia karai. Hakugeuka.

"Nilikunong'oneza. Mara mbili."

Mafuta yalichemka. Mjaka alichukua muhogo mwengine, akaugeuza mkononi kutafuta pa kuanzia.

"Nilisikia," akasema, akaanza kumenya.